Fomu Niliyoifunga Rwamgasa

Kabula, mayu wangu, binti yangu,

Maagizo mama yako amekwisha yamaliza. Nimemsikia tangu juzi: dagaa wako kwenye kopo la bluu, usilale na nywele mbichi, Dodoma asubuhi kuna baridi usidanganywe na jua, na utafute kanisa kabla hujatafuta saluni. Mimi sina la kuongeza hapo, na hata ningekuwa nalo asingeniachia nafasi. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka, nimegeuza kibao watu waone nimefunga, na jua bado halijazama. Simu mbili za wateja ziko mbele yangu zimefunguliwa vifuniko, nao watazisubiri, maana hili ninalokuandikia limesubiri miaka minane.

Nilijaribu kukwambia kwa mdomo. Siku ile uliyoingia na barua ya ajira ukaisoma kwa sauti, ukafika pale panaposema utapangiwa dawati la kupokea taarifa za wananchi kuhusu mashambulizi ya mtandao, mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nikatoka uani. Ulinifuata ukanikuta nafuta macho, ukanikumbatia ukasema, "Baba nawe, furaha ndiyo ya kuliliwa hivi?" Nilikuacha uamini kuwa ni furaha. Nimezoea kukuacha uamini uongo, na ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka nilipokuwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu? Wachimbaji waliniita Injinia, ingawa nilikuwa na cheti tu cha ufundi wa umeme na kiherehere cha kompyuta. Nilitunza mota ya kuvuta maji kwenye duara. Wewe uliwahi kulichungulia duara lile kwa mbali, shimo lililoshuka wima, limepangwa magogo ya matimba ambayo watu hushikilia wakishuka na kupanda. Maji ya chini hayana likizo. Mota ikinyamaza, yanaanza kupanda, na walioko chini wana muda mfupi wa kutoka.

Mota ile iliendeshwa na kisanduku chenye laini ya simu ndani yake. Bosi, mwenye duara, alikinunua Mwanza, na mimi ndiye niliyemshawishi. Mtu wa mauzo alisema unaweza kuwasha na kuzima ukiwa popote. Wenzangu wangekifungia ndani ya kibanda na kukitumia kwa mkono tu, lakini mimi nilitaka hiyo popote. Nikakiunganisha na mtandao, nikakiachia mlango wazi ili nikija nyumbani Ngokolo likizo nikiendeshe nikiwa kwenye kochi.

Jumapili moja nilikupa simu. Ulikuwa kidato cha pili, umevaa lile gauni la kitenge la kipaimara. Nikakwambia bonyeza hapo kwenye kijani. Ukabonyeza. Baada ya kidogo Shija, msimamizi wetu kule, akapiga akacheka, "Injinia, mota imewaka yenyewe, ni wewe huyo?" Nikampa jibu kwa sauti kubwa ili mama yako asikie jikoni, "Si mimi, ni binti yangu!" Ulirukaruka. Mama yako akasema kitu cha kuchezea watoto hicho kitakuja kunitokea puani. Nilimwambia aendelee na ugali wake.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe kubonyeza si kosa, na usije ukalibeba hilo hata siku moja. Umesoma haya mambo kuliko mimi, unajua tayari ninaelekea wapi. Programu ya kile kisanduku ilikuwa na mwanya. Mtu akiukuta mlango wake mtandaoni aliweza kuingia bila hata kuulizwa neno la siri. Na mlango ule niliuacha wazi mimi, kwa sifa.

Muuzaji alituma ujumbe kwamba kuna marekebisho, yawekwe upesi, kuna watu wanautumia mwanya huo. Niliusoma nikiwa nakula. Kuweka marekebisho kulitaka mota izimwe kwa saa kadhaa na watu watolewe chini, na wiki ile walikuwa wameupata mwamba wenye dhahabu. Wewe hujui mwamba ukipatikana duarani pakoje. Watu hawaogi. Mtu akisema simamisha kazi tuweke programu, wanamwangalia kama mwendawazimu. Nikasema nitaweka wakitulia. Nao hawakutulia.

Mara ya kwanza mota ilijizima asubuhi. Wakapiga kelele, "Oya, maji! Toka, toka!" Wote wakatoka, nikaiwasha, nikasema ni umeme. Mara ya pili nikaenda kutazama kumbukumbu za kisanduku. Amri ya kuzima ilikuwepo, imeandikwa na saa yake. Haikutoka kwenye simu yangu. Ilitoka kwa mtu aliye mahali nisipopajua, na alikuwa ameingia mara nyingi kuliko nilivyodhani, anazima, anawasha, anatazama, kwa siku kadhaa. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hakutujua wala hakujua kuna watu chini. Alikuwa anajaribu visanduku vya aina ile popote vilipo, aone vinamtii. Niligeuka nyuma kana kwamba mtu huyo yumo kibandani.

Nikatafuta kwenye simu, nikaipata tovuti ya ofisi hiyo hiyo unayokwenda. Kulikuwa na fomu ya mwananchi kutoa taarifa. Nikaketi juu ya ndoo nikaanza kuijaza. Jina. Namba ya simu. Kifaa cha aina gani. Nini kimetokea. Je, bado kinaendelea? Nilijaza vizuri, hata mwandiko wa simu niliurekebisha nukta na mkato. Kisha nikafika swali lililouliza kama niliwahi kupata taarifa ya marekebisho kabla ya tukio, na nilichukua hatua gani.

Nililitazama swali lile mpaka kioo cha simu kikazima. Nikakigusa, kikawaka, nikalitazama tena. Kujibu ndiyo ni kujimaliza. Bosi angejua, ungekuwa mwisho wa Injinia. Kujibu hapana ni kuidanganya serikali, na kumbukumbu zinaonyesha. Nikajiambia: nikirekebishe kwanza, kisha nitatuma taarifa nikiwa msafi, niandike tatizo lilikuwepo na nimelitatua. Nikaifunga fomu.

Kisanduku kikakataa marekebisho. Aliyeingia alikuwa ameshabadilisha neno la siri, mimi mwenyewe nikawa mgeni mlangoni kwangu, naweza kusoma kumbukumbu tu, kubadilisha siwezi. Ningeweza kuchomoa laini. Unajiuliza hivyo, najua, na mimi nimejiuliza kila wiki kwa miaka minane. Nikichomoa laini, bosi aliyekuwa safarini angekuta haoni mota kwenye simu yake, angeuliza kwa nini. Niliogopa swali la mtu mmoja kuliko maji.

Sasa ingia Mama Limi, ambaye unamjua. Ndiye aliyekuwa akitupikia pale Rwamgasa, mjane mwenye macho mekundu ya moshi, aliyekuwekea michembe, vile viazi vikavu, kwenye mfuko kila ulipokuja likizo na kukutania kwamba ukiolewa na Mhaya utasahau viazi. Kibanda chake kilikuwa mbali na duara, makusudi, kwa sababu wachimbaji wana mwiko: mwanamke hafiki mdomoni mwa duara, dhahabu inakimbia au watu wanakufa. Yeye aliuheshimu. Sahani zote watu walizifuata kwake.

Asubuhi ya mara ya tatu nilikuwa kibandani kwa mota, hatua chache kutoka mdomo wa duara na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, nimekodolea macho kisanduku, naogopa kutoka. Njaa inaniuma. Nikampigia simu aniletee chai.

Akasema, "Baba Kabula, huko mimi sifiki. Unaujua mwiko wao."

Nikamwambia, "Mama, mimi siamini hayo mambo. Pita nyuma ya karasha, hakuna atakayekuona."

"Na wakiniona?"

"Wakikuona nitasema ni mimi nimekuita."

Alikuja na birika na vitumbua vimefunikwa kitambaa. Akaniwekea juu ya gogo, akanisalimu kwa haraka, akaondoka ameinama. Sijamaliza kikombe, mota ikanyamaza.

Niliiwasha ikakataa. Nikaiwasha tena ikakataa. Nikakimbilia nyaya za nyuma kuiunga moja kwa moja, na nje wanapiga mayowe wanavutana juu ya matimba. Ilipowaka, wote walikuwa wametoka isipokuwa Masunga. Masunga aliteleza kwenye gogo la chini kabisa, maji yakamzidi. Alikuwa kijana wa Kahama mwenye sauti nzuri, anaimba akichimba, mama yake ndiye tu aliyekuwa naye duniani.

Tulizika. Duara likasimamishwa. Na kwa desturi ya kule, hakuna anayerudi chini mpaka ijulikane nini kimeua. Polisi walikuja, wakaandika ajali, wakaondoka. Wachimbaji wakaleta mganga.

Mganga hakutaja jina la mtu. Watu husema mganga kamtaja fulani, mara nyingi si kweli, wanaotaja ni wenyewe. Yeye aliuliza tu, mchana kweupe, watu wote wa machimbo wamesimama, "Kuna mwanamke amefika hapa?" Mmoja akasema alimwona Mama Limi na birika nyuma ya karasha. Wakaenda kumleta. Alikuja anajifuta unga mikononi.

"Mayu, ulifuata nini huku?" mganga akamuuliza, kwa upole kabisa.

"Nilileta chai. Niliitwa."

"Na nani?"

Hakuninyooshea kidole. Hata leo nashangaa hakuninyooshea kidole. Aliniangalia tu akasema, "Baba Kabula, waambie, baba."

Watu wote wakanigeukia. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Mle ndani zilikuwemo kumbukumbu za kisanduku, saa ile ile ya amri ile ile, na simu niliyompigia Mama Limi. Kila kitu cha kumwokoa kilikuwa mkononi mwangu, na ningeweza kukisoma kwa sauti mbele yao. Nikafikiri: nikisema nilimwita, wataniuliza nilikuwa nafanya nini kibandani asubuhi yote. Nikisema hilo, watajua nilijua mota itazima. Na Masunga kazikwa juzi.

Nikasema, "Mimi sikumwita mtu."

Hakulia wala hakubisha. Alisema "Haya" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepewa chenji yake.

Kibanda chake kilichomwa siku hiyo hiyo. Mgambo wawili walimwahi, wakampeleka ofisi ya kijiji na kanga moja na kidonda kichwani, na kesho yake wakampakia gari la kuja Shinyanga kwa kaka yake. Mimi sikwenda kumuaga. Nilikuwa Mwanza nanunua kisanduku kingine, cha kawaida, kisicho na laini. Nilimwambia bosi cha zamani kimeingia maji. Hicho kipya nilikifunga mwenyewe.

Na hapa ndipo panaponiua, mwanangu. Mota haikuzima tena. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, inanguruma tu. Wachimbaji wakawa wanasema, "Mnaona? Kaondoka mchawi, mota imetulia." Kazi ya mikono yangu ikageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Kila siku mota iliyozunguka salama ilimhukumu upya, na mimi ndiye niliyekuwa naipaka grisi.

Ulipokuja likizo ukauliza Mama Limi yuko wapi. Nilikwambia amerudi kwao kwa sababu ya umri. Ulilia, ukaniomba namba yake, nikakwambia hana simu. Nilikuwa nayo. Bado ninayo.

Niliacha kazi mwaka ule. Mliambiwa kifua, vumbi la karasha. Nikafungua duka hili hapa Ngokolo. Umekua ukinidhihaki kwamba baba yako ni mtu pekee mjini anayekasirika mashine ya kusaga ya jirani ikizimwa. Ulikuwa unaiga jinsi ninavyosimama nusu, kijiko mkononi, nasikiliza, mpaka mama yako anakwambia acha. Mashine ikinyamaza mimi nasikia matimba, miguu inateleza, na jina langu linaitwa kwa adabu. Si ndotoni. Ni mchana, nikiwa na wateja.

Siku moja, nimekwisha kuwa hapa dukani, nikaona kwenye simu tangazo la tahadhari kwa umma kutoka ofisi hiyo. Lilitaja kisanduku kile kile. Lilieleza mwanya ule ule, likisema unatumiwa na wahalifu hivi sasa, na nini kifanywe: laini ichomolewe kwanza, maswali baadaye. Liliandikwa kwa Kiswahili chepesi hata Shija angelielewa. Chini yake pakaandikwa kwamba ofisi inawashukuru wananchi waliotoa taarifa. Kwa hiyo mahali fulani kulikuwa na fundi mwingine, wa pampu ya shamba au ya maji ya kijiji, simjui, alikalia ndoo yake akaijaza fomu ile akalifikia lile swali. Akajibu. Huenda naye alikuwa na kosa. Akajibu hivyo hivyo.

Nilifanya hesabu ya miezi, Kabula. Mimi ningekuwa wa kwanza. Tangazo lile lingetoka Masunga angali anaimba.

Sikuandikii haya ili uwe mtu mwema. Wema unao, umetoka kwa mama yako. Nakuandikia kwa sababu kuanzia Jumatatu watu kama mimi watakuandikia wewe, na nadhani hakuna aliyekufundisha chuoni jinsi tulivyo. Tunazunguka. Mmoja ataandika kwamba rafiki yake ana tatizo. Mwingine atajaza vizuri mwanzo, kisha pale panapoaibisha aandike maneno mawili au aweke nukta. Mwingine atakuwa mkali, akutukane, aseme mifumo yenu ya serikali haifai, kumbe anatetemeka. Usimcheke na Kiswahili chake kikiwa kimechanganyika na Kisukuma. Mpigie. Na ukimpigia, usianze na alifanya nini au hakufanya nini. Muulize kama bado inaendelea, na kama kuna mtu anaweza kuumia leo. Mimi ningeulizwa hivyo na sauti ya binadamu ningesema yote. Labda. Nataka kuamini ningesema.

Kuna siku utachoka, na wakubwa watataka hesabu ya taarifa zilizokamilika, na zile nusunusu zitawekwa kando. Zile nusunusu ndizo zetu.

Sasa lililobaki. Wiki mbili zilizopita nilikwambia nakwenda kununua vioo vya simu. Nilikwenda Ibadakuli. Kaka yake Mama Limi alikwisha fariki, lakini yeye yupo, anakaa chumba cha nyuma kwa mpwa wake, upande wa uwanja wa ndege. Macho yamekwisha karibu yote. Nilimkuta uani anachambua mchicha kwa vidole.

Nikasema, "Mwadila, mayu. Shikamoo."

Vidole vikasimama. "Marahaba. Baba Kabula," akasema. Sauti tu, baada ya miaka minane. "Binti hajambo? Ameshaolewa na Mhaya?"

Nilikaa chini, kwenye vumbi. Nikamweleza yote. Kisanduku, ujumbe wa muuzaji, fomu, laini ambayo sikuichomoa, chai. Nilimweleza kwa Kisukuma mpaka pale Kisukuma kiliponiishia maneno, nikaendelea kwa Kiswahili. Ndege ilitua wakati naongea, nikanyamaza ipite, nikaendelea. Nilitarajia anilaani. Nikawa hata natamani.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umewaambia?"

"Nani, mama?"

"Wao. Kule."

Nikasema bado. Nikasema nimeona nianze na yeye.

Akarudia mchicha wake. "Baba Kabula," akasema, "mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikuua mtu. Hujaniletea habari. Umekuja kutua mzigo wako hapa kwangu kwa sababu hapa ni karibu na nauli ni ndogo." Hakupandisha sauti. "Mama yake Masunga yuko pale Rwamgasa, alihamia kulinda kaburi la mwanawe. Kila mwaka anatuma mtu aniulize kwa nini nilimla mtoto wake kwa uchawi. Huyo ndiye asiyejua."

Nikamuuliza nikimwambia mama yule, ya kwake yeye Mama Limi niyaseme vipi. Akasema, "Wewe mwambie ya kisanduku. Ya kwangu atayaona mwenyewe." Halafu akaniambia niondoke kabla mpwa wake hajarudi, kwa sababu mpwa wake anajua ni nani aliyeitisha ile chai.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Kwangu kifo kilichukua wengine, mimi kikaniacha mzima nikarabati simu.

Kwa hiyo kesho stendi itakuwa hivi. Mama yako amepanga tukupungie mkono wote wawili mpaka gari lipotee, kisha turudi nyumbani tukanywe chai tulie. Utakapopanda gari la Dodoma, mimi nitapanda la Geita, niende Rwamgasa. Nimemwomba Shija awakusanye wale wa zamani waliobaki, na mama yake Masunga awepo mbele. Nimechapisha zile kumbukumbu za kisanduku, nilizihifadhi miaka yote hii, sijui nilikuwa namhifadhia nani. Nitawasomea saa na amri. Nitasema nani alimwita Mama Limi. Fomu nayo nimeijaza leo mchana, pamoja na lile swali, jibu la ndiyo na maelezo yake. Kifaa kile ni cha zamani na mwanya ulishazibwa, hakitamsaidia mtu, lakini nimeituma kwa jina langu kamili. Ikikufikia, usiipitishe wewe. Mpe mwenzako aisome kama ya mtu baki.

Mama yako hajui lolote. Nikifunga barua hii naingia ndani kumwambia, na ninamwogopa kuliko Rwamgasa nzima.

Sijui watanipokeaje. Shija kwenye simu alisema, "Injinia, hawa watu walichoma nyumba kwa birika la chai." Ninalijua hilo. Kama kuna polisi atakayetaka kuniuliza mengine, nitamjibu.

Ila wewe, Kabula, nakuomba moja. Utasikia habari kabla sijakupigia, watu hawakosi kupiga simu kwa jambo baya. Utataka kupanda gari lolote urudi. Usirudi. Nimeishi miaka minane nikijua kilichotokea pale ambapo taarifa ilihitajika na sauti ya mtu ya kuniuliza haikuwepo. Kaa kwenye kiti chako. Siku hiyo hiyo kuna mtu mahali fulani amekalia ndoo, simu mkononi, amefika kwenye swali gumu, na mota bado inazunguka.

Baba yako.